Gololi: Maana za Kamusi na Maana za Mtaani

Gololi ni tufe dogo, aghalabu la kioo, ambalo watoto hulichezea chini kwa kulenga, kuingiza shimoni au kutoa nje ya duara. Neno hili liko katika ngeli ya i-/zi-, hivyo husemwa gololi hii na gololi hizi, na wapo wanaolitamka na kuliandika goroli. Lina maana ya pili ya gereji: gololi ni kile kitufe cha chuma kinachozunguka ndani ya beringi ya baiskeli au ya gari. Maana hizo mbili hukutana mchezoni, kwani beringi chakavu ikipasuliwa, gololi zake huishia mifukoni mwa watoto. Nchini Kenya mchezo huohuo hujulikana zaidi kwa majina ya mtaani, bano na banta. Jina banta linasikika pia Delhi, ambako ni soda inayouzwa katika chupa yenye gololi shingoni.

Kiingereza huiita gololi "marble", na hapo ndipo ugumu wa msomaji wa Kiswahili unapoanza. Neno hilohilo ni jina la jiwe, la sanamu za kale na la vipande vya matairi kwenye barabara za mashindano ya magari. Likiwa katika wingi huweza kuwa akili za mtu, na katika lugha ya utani huingia hata makaburini. Kamusi ndogo hutoa maana mbili, marumaru na gololi, kisha huishia hapo. Zinazobaki hupatikana bila shida endapo itakumbukwa kwamba karibu zote zimetoka katika moja ya mambo matatu: jiwe lenyewe, umbo la mviringo la gololi, au gololi kama mali ambayo mchezaji anaweza kuishinda na kuipoteza. Maana rasmi nyingi ni za jiwe, na misimu mingi ni ya mali. Mwongozo huu unazipitia kwa mpangilio huo, kisha unaonyesha namna ya kuamua ni ipi inayokusudiwa.

Maana zinazotokana na jiwe

Neno "marble" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, "marbre", ambalo asili yake ni "marmor" la Kilatini na, nyuma yake, "marmaros" la Kigiriki. Marumaru ya Kiswahili ni ya ukoo huohuo, ila yenyewe ilipitia "marmar" la Kiarabu. Vitufe vya kuchezea vilianza kuitwa kwa jina la jiwe hilo mwishoni mwa karne ya 17, kwa kuwa vile vilivyothaminiwa vilichongwa kwa marumaru. Baadaye udongo na kioo vilichukua nafasi ya jiwe, lakini jina halikubadilika.

Katika wingi, "marbles" ya kwenye makumbusho ni sanamu na michoro iliyochongwa katika marumaru. Mfano maarufu ni zile zinazoitwa kwa Kiingereza "Elgin Marbles": sanamu za hekalu la Parthenon, Athens, zilizoondolewa na watu wa Lord Elgin kati ya 1801 na 1812, zikanunuliwa na bunge la Uingereza mwaka 1816 kwa pauni 35,000 na kuwekwa katika British Museum. Ugiriki inazidai hadi leo. Habari zake zikitafsiriwa, hizo ni sanamu za marumaru za Parthenon, wala hakuna gololi hapo.

Rangi za jiwe hilo, zenye mistari na mawimbi yanayoingiliana, zimezaa kitenzi na kivumishi. Karatasi "marbled" ni ile yenye mawimbi ya rangi inayobandikwa ndani ya majalada ya vitabu vya kale. Keki ya namna hiyo ni yenye kinyunya cheupe na cha kakao vilivyokorogwa kidogo tu ili visichanganyike kabisa. Nyama ya ng'ombe ikielezwa hivyo, maana yake ni kwamba mafuta yamesambaa ndani ya mnofu kwa vistari vyembamba, na kwa wauzaji hiyo ni sifa.

Ugumu na ubaridi wa jiwe ndio chanzo cha sifa ya mtu asiye na huruma, ambaye Kiswahili humwita mwenye moyo wa jiwe. Katika misimu ya Kimarekani, "marble orchard", yaani shamba la miti ya marumaru, ni makaburini, kwa sababu ya mawe yaliyosimamishwa kwa safu kama miche.

Kwa upande wa Kiswahili lipo jambo moja la kuangaliwa. Nchini Tanzania, marumaru ni pia vigae vinavyong'aa vya sakafuni na ukutani, hata vile vya udongo vilivyochomwa kiwandani. Fundi akisema chumba kinahitaji boksi kadhaa za marumaru, anazungumzia vigae. Anayetafsiri habari za ujenzi au za uchongaji humwondolea msomaji mashaka kwa kuandika "jiwe la marumaru" pale linapokusudiwa jiwe.

Maana zinazotokana na umbo

Picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972 inajulikana kwa Kiingereza kama "The Blue Marble". Ulinganisho ni wa gololi ya kioo, kwani dunia inaonekana tufe la buluu lililochanganyika na mawimbi meupe ya mawingu. "Gololi ya Buluu" ndiyo tafsiri yake. "Marumaru ya Buluu" ingeleta picha ya sakafu.

Katika mashindano ya magari, Formula 1 yakiwamo, "marbles" ni punje za mpira zinazomeguka kutoka matairi na kurundikana nje ya njia inayopitiwa na magari mengi. Gari likikanyaga hapo huteleza kama lililopanda juu ya gololi, na ndiyo maana dereva anayetaka kumpita mwenzake nje ya njia hiyo hufikiri mara mbili. Baada ya mbio kwisha, madereva hupita juu yake kwa makusudi ili punje zinate kwenye matairi na kuliongezea gari uzito kidogo kabla halijapimwa.

Mtu anayeongea kana kwamba ana gololi mdomoni ni yule ambaye maneno yake hayasikiki vizuri. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: anamung'unya maneno. Filamu ya My Fair Lady ya mwaka 1964 ililifanya jambo hilo lionekane kwa macho. Profesa Higgins anamjaza Eliza gololi mdomoni ili ajifunze matamshi, na Eliza anaimeza moja. Asili ya zoezi hilo ni hadithi ya kale ya Demosthenes, msemaji wa Athens, ambaye inasimuliwa kwamba alijizoeza kuhutubia akiwa na vijiwe mdomoni.

Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alisajili chupa ya soda ambayo kizibo chake ni gololi ya kioo. Gesi ya ndani huisukuma gololi juu ikaziba mdomo, na mnywaji huisukuma chini ili kufungua. Chupa hiyo bado inatumika India, ambako kinywaji chake huitwa pia "goli soda", na Japani, ambako huitwa "ramune". Waingereza wengi hudhani kuwa "codswallop", msimu wa maneno ya upuuzi, umetokana na jina la Codd. Dhana hiyo ina kasoro ya tarehe: msimu wenyewe unaanza kuonekana katika maandishi mwaka 1959, karibu miaka 90 baada ya chupa.

Kiswahili nacho hutumia umbo hili katika tashibihi. Macho makubwa, ya duara na yanayong'aa huitwa macho ya gololi. Maneno hayo huwa sifa yanapomhusu mrembo, na huwa mzaha yanapomhusu aliyekodoa macho kwa mshangao.

Majina ya gololi zenyewe

Mchezaji aliyebobea hasemi gololi tu, kama mvuvi asivyosema samaki tu: mvuvi husema changu, kolekole au jodari. Majina ya Kiingereza ya gololi hufuata malighafi, rangi, ukubwa na kazi.

Kwa malighafi, "alley" ni kifupi cha alabasta, na ni gololi nzuri ya jiwe jeupe. "Aggie" ni ya akiki, na eneo la Idar-Oberstein nchini Ujerumani lilisifika kwa kuzichonga. "Immie" ni ya kioo inayoiga akiki. "Steelie" ni ya chuma, yaani ileile ya beringi. "Commie" au, kwa namna ya kale, "commoney" ni gololi ya kawaida ya udongo, iliyo rahisi kuliko zote. Neno "commie" limefanana na msimu wa kumwita mkomunisti, lakini ni mfanano tu.

Kwa rangi, "cat's eye" ni yenye jani la rangi ndani ya kioo kinachopitisha mwanga, mfano wa mboni ya paka. "Clearie" ni kioo kitupu, na "oxblood" ni yenye mistari ya wekundu wa damu. Kwa ukubwa, "peewee" ni ndogo na "boulder" ni kubwa. Kwa kazi, gololi anayoishika mchezaji ili kupigia nyingine huitwa "taw" au "shooter", na katika mashindano ya Uingereza "tolley". Zinazolengwa huitwa "mibs" au "ducks". Kutokana na "mib", mchezaji huitwa "mibster".

Thamani iliyomo katika majina haya ilitegemea namna gololi zilivyopatikana. Katikati ya karne ya 19, mafundi wa Lauscha nchini Ujerumani walitumia koleo maalumu kukata na kuviringisha kioo cha moto, gololi moja baada ya nyingine. Katika miaka ya 1880 kiwanda cha Samuel Dyke huko Akron, Ohio, kilianza kutoa gololi za udongo kwa wingi, na mwanzoni mwa karne ya 20 Martin Christensen wa mji huohuo akaleta mashine ya kuviringisha kioo. Kabla ya mashine, gololi ya alabasta au akiki ilikuwa kitu cha kuringia.

Fasihi ya karne ya 19 haieleweki vizuri bila kujua hilo. Katika The Pickwick Papers ya Charles Dickens, iliyotoka 1836 hadi 1837, wakili Buzfuz anataja mahakamani aina mbili za gololi, kisha analazimika kuwaeleza wazee wa baraza maana yake. Katika The Adventures of Tom Sawyer ya Mark Twain, ya mwaka 1876, Tom anapotaka Jim amsaidie kupaka chokaa uzio, anamtolea "white alley". Jim anatamani kweli. Katika Kiingereza cha leo "alley" ni uchochoro, na mfasiri asiyejua msamiati wa gololi anaweza kumfanya Tom agawe uchochoro mweupe. Tafsiri inayofaa ni gololi nyeupe ya alabasta.

Lugha ya uwanjani

Mchezo unaotawala mashindano ya Marekani huitwa "ringer". Gololi 13 hupangwa kwa umbo la msalaba katikati ya duara lenye upana wa futi 10, yaani kama mita tatu. Mchezaji hufyatua gololi yake kwa kidole gumba kutoka ukingoni, na anayetangulia kutoa 7 nje ya duara ameshinda. Mashindano ya taifa ya mchezo huu yamekuwapo tangu 1922, na hufanyika Wildwood, New Jersey.

Kabla ya kuanza, wachezaji hurusha gololi kuelekea mstari mmoja ili kujua nani atangulie. Kitendo hicho ni "lag", na aliyeukaribia zaidi mstari ndiye wa kwanza. Wakati wa kufyatua, angalau kifundo kimoja cha kidole lazima kiguse ardhi mpaka gololi itoke mkononi. Amri ya kufanya hivyo ni "knuckle down". Makosa mawili yana majina yake. Kusogeza mkono mbele wakati wa kufyatua ni "hunching", ambayo wengine huiita "fudging", na kuuinua mkono ukaachana na ardhi ni "histing".

Huko Tinsley Green, kusini mwa Uingereza, mashindano hufanyika Ijumaa Kuu kila mwaka, katika mfululizo ulioanza 1932. Duara lao ni la futi 6, limeinuliwa kidogo na kunyunyiziwa mchanga, na gololi 49 husongamanishwa katikati. Kuamua nani aanze, nahodha wa kila upande husimama wima, huiweka "tolley" usawa wa pua yake na kuiachia idondoke. Iliyo karibu zaidi na mstari humpa mwenyewe haki ya kutangulia.

Watoto wa mitaani walikuwa na amri zao za kupiga kelele. "Fen" au "fains" ikitamkwa kabla ya mwenzako kutenda, humzuia kudai nafuu fulani. "Dubs" ni kutoa gololi mbili kwa pigo moja. Muhimu kuliko zote ni makubaliano ya mwanzo. Mchezo wa "keepsies" au "for keeps" ni ule ambao gololi iliyopigwa ni ya aliyeipiga moja kwa moja, na mchezo wa "friendlies" au "for fair" ni ule ambao kila mtu hurudishiwa zake mwishoni. Tofauti hii ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya misimu inayofuata.

Kupoteza gololi: misimu ya akili

"To lose one's marbles" ni kurukwa na akili. "He has all his marbles" ni kinyume chake, yaani akili zake zimo zote, na husemwa zaidi juu ya mzee ambaye umri haujamgusa kichwani. Maana hii ya akili ilianza Marekani, na ilikwisha kurekodiwa kufikia 1927. Kabla ya hapo, mtu anayehangaika huku na huko alikuwa akifananishwa na mtoto aliyepoteza gololi zake, na inaelekea tashibihi hiyo ndiyo iliyofungua njia. Mtoto aliyepoteza mali yake yote huchanganyikiwa, na kutoka kuchanganyikiwa hadi kukosa akili ni hatua moja.

Maelezo mengine yanayosikika mara kwa mara hayana nguvu. La kwanza ni kwamba usemi huu unatokana na Ugiriki kupoteza sanamu za Parthenon. Hilo ni mchezo wa maneno uliobuniwa baadaye. La pili ni kwamba umetokana na The Caine Mutiny, riwaya ya Herman Wouk ya 1951 iliyofanywa filamu mwaka 1954, ambamo Kapteni Queeg huviringisha gololi za chuma kiganjani kila anapobanwa, hasa akiwa kizimbani akili zake zikimtoka mbele ya watu. Mandhari hiyo inauvaa usemi kama kanzu ya kupimiwa, lakini usemi uliitangulia kwa zaidi ya miaka 20. La tatu lina uzito kidogo. Misimu ya Kiingereza ya karne ya 19 ilitumia "marbles" kwa maana ya vyombo vya nyumbani na mali ya mtu, labda kwa kuliharibu neno la Kifaransa "meubles", yaani samani. Huenda mtu aliyepotelewa na akili alifikiriwa kama aliyepotelewa na vyombo, ingawa kiungo hicho hakijathibitishwa.

Filamu ya Hook ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Steven Spielberg, inaucheza usemi huu kwa maana zake zote mbili. Mzee Tootles analalamika kuwa amepoteza gololi zake, na kila mtu anadhani anazungumzia akili. Mwishoni anarudishiwa kifuko cha gololi halisi. Anayetafsiri tukio hilo hana budi kulibakiza neno gololi, kwani akiandika "amerukwa na akili" ameua mzaha wote.

Nje ya mizaha ya namna hiyo, Kiswahili kina akiba yake. Katika lugha sanifu husemwa amerukwa na akili au hana akili timamu. Mtaani husemwa nati zimelegea. Usemi wa Kiingereza ni wa dhihaka nyepesi, hivyo unalingana zaidi na nati kuliko na neno la hospitali. Haufai kumhusu mgonjwa wa akili wala mzee aliyepatwa na maradhi ya kusahau. Habari zinazowahusu hao hutumia jina la ugonjwa wenyewe.

Wingi huu wa "marbles" una maana nyingine ya mtaani, korodani, inayotokana na umbo. Muktadha huitofautisha na akili, kwani akili hupotea na korodani hugongwa.

Gololi kama mali: ushindi, kususa na kifo

"For all the marbles" husemwa juu ya pambano linaloamua kila kitu, hasa fainali. Picha yake ni ya mchezo wa mwisho ambao mshindi anazoa gololi zote zilizo uwanjani. Watangazaji wa soka wa Kiswahili wana maneno tayari kwa hali hiyo: mechi ya kufa na kupona. "To play for keeps" ni kufanya jambo bila mzaha, kwa kuwa kitakachopotea hakirudi.

"To pick up one's marbles and go home" ni kujitoa katika shughuli kwa hasira baada ya mambo kwenda kombo, mfano wa mtoto anayechukua gololi zake na kuvunja mchezo. Hapa Kiswahili kimekipita Kiingereza kwa ufupi: amesusa. Ukiongezwa msemo wa mtaani kwamba ukisusa wenzio wala, maana inakuwa imekamilika pamoja na jibu lake.

"To knuckle down" imetoka kwenye amri ya uwanjani na leo ni kujifunga kibwebwe, kukaa na kazi mpaka iishe. Isichanganywe na "to knuckle under", ambayo ni kusalimu amri. Neno moja la mwisho likibadilika, bidii inageuka kuwa kushindwa.

Australia ina msamiati wake. "To go back to taw" ni kurudi mwanzo na kuanza upya, kwa kuwa "taw" ni pia mstari wa kuanzia. "To make one's marble good" ni kujiweka vizuri machoni pa mtu. "To pass in one's marble" ni kufa. Anayemaliza mchezo anakabidhi gololi yake, na Kiswahili cha mtaani husema juu ya huyohuyo kuwa amekata kamba. Kutoka 1965 hadi 1972, vijana wa Australia walioandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam walichaguliwa kwa kura. Gololi zenye namba za tarehe za kuzaliwa zilichotwa katika pipa, na ambaye tarehe yake ilitoka aliitwa. Katika maandishi ya wakati huo, "marble" inaweza kuwa kura yenyewe.

Kiswahili kimepitia njia kama hii kwa kutumia kete. Katika kamusi, kete ni mbegu za komwe au simbi za kuchezea bao. Katika siasa, kete ya mwisho ni hila au nafasi iliyobaki baada ya nyingine kwisha. Katika taarifa za polisi, kete ni vifurushi vidogo vya dawa za kulevya. Mchezo, mali na umbo dogo la kushikika vimefanya kazi ileile kwa neno jingine.

Kifaransa na Kilatini

Wasomaji wa Kongo na Burundi hukutana na gololi katika Kifaransa, ambako huitwa "bille". "Reprendre ses billes", yaani kuchukua tena gololi zako, ni kujitoa katika mradi au ushirika, sawa kabisa na usemi wa Kiingereza wa kususa, ila wa Kifaransa hauna hasira nyingi na hutumika hata kwa mwekezaji anayeondoa fedha zake kimyakimya. "Toucher sa bille" ni kuwa hodari katika jambo, sifa ya mlengaji asiyekosa. "Bille" ni pia uso wa mtu katika misimu, kwa sababu ya umbo lake la duara.

Warumi walichezea njugu badala ya gololi, na mwanahistoria Suetonius anaeleza kwamba mtawala Augusto alizichezea pamoja na watoto wadogo ili kujiburudisha. Kuacha njugu, "nuces relinquere", kulimaanisha kuacha utoto.

Namna ya kuamua maana

Neno "marble" likitokea katika matini ya Kiingereza, maswali manne hutosha kulifungua.

Kwanza, ni umoja au wingi? Umoja usio na kibainishi karibu kila mara ni jiwe. Umoja wenye "a" ni gololi moja au kitu chenye umbo lake. Wingi unaweza kuwa gololi, sanamu au msimu.

Pili, kuna kimilikishi? "His marbles", "her marbles" na "your marbles" pamoja na vitenzi vya kupoteza au kubakiwa navyo huelekea kwenye akili. Pamoja na kitenzi cha kuokota, huelekea kwenye kususa.

Tatu, mada ni nini? Makumbusho huelekeza kwenye sanamu, barabara ya mashindano huelekeza kwenye punje za matairi, bucha huelekeza kwenye mafuta ya nyama, na uwanja wa shule ya karne ya 19 huelekeza kwenye gololi halisi, pengine kwa jina la "alley" au "taw" bila "marble" kutajwa.

Nne, mwandishi ni wa wapi? "For all the marbles" na "marble orchard" ni za Marekani, "tolley" ni ya Uingereza, na misemo ya "taw" na ya kufa ni ya Australia.

Maana ikishajulikana, hufuata kuchagua kiwango cha lugha. Maana za jiwe hutafsiriwa kwa maneno sanifu, na maana za umbo huweza kubaki na gololi. Misimu ya mali na ya akili hubadilishwa na nahau ya Kiswahili yenye uzito uleule: nati zimelegea, amesusa, mechi ya kufa na kupona, amejifunga kibwebwe, amekata kamba. Gololi hubakizwa katika misimu hiyo kwa sababu moja tu, nayo ni pale ambapo gololi ya kweli imo katika tukio na mwandishi analichezea neno kwa makusudi.